Ukija Kumtazama Bundi wa Sokoke
Mimi huongoza wageni msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, na kabla hatujaingia huwaomba wazime mlio wa simu. Bundi wetu mdogo, wa sentimita 16 hivi, mchana hulala kwenye vichaka vizito vya upande wa udongo mwekundu, mara nyingi dume na jike bega kwa bega.

Tembea nyuma ya kiongozi, mmoja mmoja. Usivunje tawi ili upate picha safi. Tawi hilo ndilo linalomficha asionekane na mwewe. Bundi aliyetulia hufumba macho. Akiyakodoa, au akijinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, ameshaingiwa na hofu: rudi nyuma polepole, usingoje aruke. Flashi, hapana kabisa.

Linaloniuma zaidi ni kumchezea sauti ya kurekodi usiku. Dume hudhani amevamiwa, akaacha kuwinda wadudu aje kumtafuta adui asiyekuwepo. Kesho kundi lingine linamfanyia vilevile. Kaa kimya usubiri, hata kama umetoka Ulaya kwa ajili yake. Akitaka atalia mwenyewe. Na ukiweka picha mtandaoni, usitaje kichaka alicholala.