Kubadilisha Mfumo wa Gia za Baiskeli ya Mlima Nyumbani, Goma

Kwa anayeendesha baiskeli ya mlima Goma, ambako vumbi la mawe ya volkeno hushikana na mafuta ya mnyororo na kusaga meno ya gia kama msasa, mfumo wa gia moja mbele na kumi nyuma unafaa kuliko ule wa gia tatu mbele, kwa kuwa una vipande vichache vya kusafisha.

Kabla ya kununua chochote, chunguza gurudumu la nyuma. Tazama pale katikati ya gia ndogo kifungulio kinapoingia, kisha zungusha gia kinyumenyume. Pakizunguka pamoja na gia, una kaseti, yaani seti ya gia inayochomekwa, na habu (kitovu cha gurudumu) iliyobeba gia 8 au 9 kwa kawaida hupokea pia kaseti ya gia 10. Pakitulia huku gia zikizunguka, basi gia zimefungwa kwa uzi juu ya habu, na itakubidi ubadilishe habu au gurudumu zima. Afadhali ulijue hilo kabla ya kuvuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta vipuri.

Tafuta kaseti ya meno 11 hadi 42, mnyororo wa gia 10, pamoja na deraila ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia) inayoweza kufikia meno 42 na kibadilisha gia kinachoendana nayo, kwani deraila ya Shimano ya gia 10 za mlimani haielewani na kibadilisha gia cha 9. Mbele, weka gia ya meno mapana na membamba yanayopishana, ambayo huuzuia mnyororo kuchomoka. Wengi hupenda meno 32. Mimi ningechukua 30, maana ukipanda kuelekea Kibumba mguu utashukuru, na kasi inayopotea kwenye tambarare si kitu katika barabara zetu.

Safisha bodi ya habu, sehemu inayobeba kaseti, ipake grisi kidogo, sukuma kaseti na ukaze nati yake kwa nguvu ya Nm 40 (nyutonimita). Urefu wa mnyororo ndio unaohitaji utulivu: uzungushe juu ya gia ya mbele na gia kubwa kabisa ya nyuma bila kuupitisha kwenye deraila, vuta mpaka ukaze, kisha ongeza pingili mbili ndipo ukate. Ukikata mfupi, deraila inaweza kung'oka siku utakapoingiza gia kubwa.

Kwenye deraila, skrubu ya H huipanga chini ya gia ndogo, na ya L chini ya gia kubwa, ili mnyororo usiangukie kwenye spoku. Mnyororo ukisita kupanda gia kubwa, legeza kirekebisha waya (kipete cha kuzungusha kwenye waya wa gia) nusu mzunguko kinyume cha saa. Ukisita kushuka, kikaze.

Baadaye upime mnyororo mara kwa mara kwa rula. Nafasi 24 kati ya pini huwa milimita 304.8 ukiwa mpya. Zikifika 306 na ushei, badilisha mnyororo peke yake kabla haujaila kaseti.