Somo: Kufunga mpira wa kutoa maji machafu wa mashine ya kufulia

Ndugu zangu wa Mtwara, korosho zikilipa, mashine za kufulia zinanunuliwa, na simu zinaanza: "Fundi, mashine inavuta maji wala haijai." Mara nyingi mashine ni nzima, ila mpira umelazwa sakafuni ukaelekezwa kwenye tundu la bafuni. Mdomo wa mpira ukiwa chini ya usawa wa maji yaliyomo ndani, maji yanajitokea yenyewe hata pampu haijawaka. Huku yanaingia, kule yanatoka, bili inapanda na nguo hazitakati.

Chomoa plagi, funga koki, kisha vuta mashine mbele taratibu. Tega beseni, maana mpira haukosi maji.

Sasa pandisha mpira. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka ufike juu kati ya sm 60 na sm 100 kutoka sakafuni. Pima kwa tepu, usikadirie kwa jicho, na kitabu cha mashine yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Kama una bomba la plastiki lililosimama ukutani, chomeka mpira sm 15 hivi, usizidishe. Hapa nasisitiza: usizibe mdomo wa bomba kwa silikoni wala selotepu. Lazima hewa ipite pembeni ya mpira, la sivyo maji yatavutwa tena kama mwanzo. Harufu inazuiwa na kona ya U chini ya bomba, ile inayobaki na maji muda wote.

Funga mpira kwa kile kishikio cha plastiki kilichokuja na mashine. Pampu ikianza inausukuma kwa nguvu, na ukichomoka sebule yote inalowa. Ukirudisha mashine, chungulia nyuma uone mpira haujakunjika. Jaribu kwa mzunguko mfupi, bila nguo.

Maswali ya wanachama

*Fundi shikamoo. Yangu ya mapipa mawili, nikipandisha mpira maji hayatoki kabisa.*
Marahaba dada. Nyingi za aina hiyo hazina pampu, maji yanashuka kwa uzito wake. Wewe laza mpira chini, uteremke hadi kwenye tundu.

*Kaka, niko Mikindani, naweza kuunga mpira hadi kwenye migomba uani?*
Upande kwanza kwa kimo nilichotaja, ndipo uteremke nje. Usiurefushe mno, pampu inaelemewa. Maji ya sabuni yasifike kwenye mchicha.

*Yangu inanguruma tu, maji yamebaki ndani.*
Chomoa umeme, subiri maji yapoe kama ulifua kwa moto. Fungua kidirisha kidogo cha chini mbele, weka trei, zungusha chujio polepole. Utakuta sarafu, vibanio vya nywele na mchanga wetu wa pwani. Osha, kaza vizuri, kisha washa mzunguko wa kutoa maji peke yake.