Gari inalia ka-ka tu haiwaki? Anza na hivi

Sikiliza mlio kwanza. Ikilia ka-ka-ka haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, hapo betri imelala au vichwa vyake vimeshika ule ukungu wa kijani, na huku Tabora kiangazi na hili vumbi ndo kabisa, basi zima kila kitu, shika spana namba 10, fungua hasi (-) kwanza kisha chanya (+), sugua na brashi ya waya mpaka vichwa ving'ae, kisha rudisha chanya kwanza ukaze isicheze hata ukiizungusha na mkono. Pima betri na mita ya volti: volti 12.6 imejaa, chini ya 12 kachaji au busti kwa betri ya gari lingine.

Ikilia ka moja tu na taa kali, shuku stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Weka fri, hendibreki juu jamani, mwenzio apige swichi we gonga stata taratibu na mpini wa nyundo. Ikiwaka usizime, nyoosha gereji, yawezekana kaboni za ndani ya stata zimeisha.