Jipime Ujuzi wa Sinema za Zamani kwa Kadi 20

Mpenzi wa sinema za zamani huangushwa zaidi na yale anayoyaamini kuliko yale asiyoyajua. Jaribio hili limepangwa kuyaibua. Tafuta kadi 20 za karatasi ngumu, kalamu, daftari na saa ya simu. Kujibu ni dakika 10 tu. Kuandika kadi ndiko kunakokula muda, kwa hiyo mara ya kwanza tenga saa mbili.

Hatua ya 1: Weka mipaka. Anza 1927, mwaka wa The Jazz Singer, filamu ndefu ya kwanza yenye mazungumzo yanayokwenda sambamba na picha. Ishia 1975, mwaka wa Sholay. Kadi 8 ziwe za waigizaji na waongozaji, 5 za miaka na tuzo, 4 za mambo yanayotokea ndani ya filamu, na 3 za filamu ambazo picha zake zilipigwa Afrika Mashariki. Usipogawa hivi, utajikuta umejaza kadi za mwongozaji mmoja unayempenda.

Hatua ya 2: Andika swali lenye jibu moja tu. Hapa usiharakishe, maana jaribio zima linasimama au kuanguka hapa.

Chukua swali hili: "Casablanca ni ya mwaka gani?" Limeharibika tangu mwanzo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Novemba 1942, ikasambazwa Marekani nzima Januari 1943, na Oscar ya filamu bora ikakabidhiwa kwenye sherehe ya 1944. Wajibuji watatu wanaweza kuandika miaka mitatu na kila mmoja akawa na hoja. Lirekebishe: "Casablanca ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka gani?" Kwa maswali yote ya Oscar, taja kama unataka mwaka wa filamu au mwaka wa sherehe.

Mahali nako kuna mtego. "Hatari! ya 1962 ilipigwa picha nchi gani?" Mmoja ataandika Tanganyika, mwingine Tanzania, jina ambalo lilikuja 1964. Uliza badala yake ni karibu na mji gani wa Tanganyika, jibu liwe Arusha. The African Queen ya 1951 ni ngumu zaidi: picha zake zilipigwa Uganda, Kongo ya Wabelgiji na studio za Uingereza. Achana na mahali, uliza ni mwigizaji gani aliyepata Oscar yake pekee kwa filamu hiyo. Ni Humphrey Bogart.

Filamu iliyotokana na kitabu lazima uitaje kuwa ni filamu. Viatu vya Dorothy ni vya fedha kitabuni, lakini katika The Wizard of Oz ya 1939 ni vyekundu.

Hatua ya 3: Hakiki kwa kutazama. Jibu la kadi lisitoke kwenye kumbukumbu yako wala kwenye maneno ya watu. Fungua filamu, andika nyuma ya kadi dakika ulipoliona jibu. Watu huapa kwamba katika Casablanca Ilsa anamwambia mpiga piano Sam "ipige tena", ila neno "tena" halimo katika ombi lake. Sholay inataka uangalifu wa ziada. Nakala iliyotoka 1975 ilibadilishwa mwisho kwa amri ya wakaguzi wa filamu, polisi wakaingia kumwokoa jambazi Gabbar. Katika mwisho wa awali adui yake Thakur anamuua. Kwa hiyo andika ulitazama nakala ipi, au uliza tu nani alimwigiza Gabbar: Amjad Khan.

Hatua ya 4: Jibu. Acha kadi zilale siku tatu, kisha zichanganye. Kila kadi sekunde 30. Andika jibu daftarini na pembeni yake weka U kama una uhakika, K kama unakisia. Usigeuze kadi hata moja kabla ya kumaliza zote 20, kwani jibu la moja mara nyingi hudokeza la nyingine.

Hatua ya 5: Sahihisha. Jibu sahihi lenye U ni alama 2, sahihi lenye K ni 1, kosa lenye K ni 0, kosa lenye U unakatwa 1. Jumla ya juu ni 40. Ukipata 28 unazifahamu vizuri.

Makosa yenye U ndiyo ya kushughulikia kwanza. Wengi huweka U kwamba Citizen Kane ilipata Oscar ya filamu bora. Iliteuliwa mara 9 ikapata moja tu, ya hati ya filamu. Filamu bora ilikuwa How Green Was My Valley. Kosa la namna hii halifutiki kwa kusoma jibu mara moja. Andika kadi ya pili inayouliza upande wa pili: "Filamu gani iliishinda Citizen Kane?" Zirudie zote mbili kesho, siku ya tatu na siku ya saba.

Kadi uliyoijibu kwa U mara tatu mfululizo itoe. Badala yake weka inayounganisha filamu mbili, kwa mfano: mwigizaji gani aliongoza Red Dust ya 1932 na pia Mogambo ya 1953, iliyosimulia upya kisa kile kile? Anayemjua Clark Gable kwa Gone with the Wind pekee atatumia sekunde zake zote 30.