Kupandisha spidi ya prosesa kwenye joto letu hili la Unguja
Kabla hujatoa pesa yako sokoni Darajani soma jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, mpaka mwisho, maana ile herufi ya nyuma ndo yenye mambo. Intel ikiwa na K, kama i5-12600K, inapandishwa, ila na bodi (motherboard, ile sahani kubwa inayobeba prosesa) nayo jina lake lianze na Z, isiyo na K achana nayo kama nia yako ni hiyo. Ryzen, prosesa za AMD, za deskitopu karibu zote ziko wazi kupandishwa, bodi iwe ya B au X kama B550, A520 haikubali. Mie ningechukua Ryzen 5 5600 na chenji ninunue feni ya maana, manake kaskazi hii haina masihara, chumba kinawaka na mashine hujaigusa.

Haya, ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, tafuta reshio, namba inayozidishwa kupata spidi. Hesabu nyepesi, reshio mara 100, yaani 44 ni 4400 MHz. Panda moja moja, sevu, washa, halafu ipige Cinebench, programu ya kuisukuma prosesa kwa nguvu, nusu saa huku unaangalia joto. Ikizima au ikaleta skrini ya buluu rudi hatua moja, au ongeza volti za prosesa kidogo sana, mie sipiti 1.3. Ikigusa nyuzi 85 shusha, usibishane nayo.

Yangu ilifika 4.6 GHz, yaani 4600 MHz, nikajiona mjanja, kumbe feni imeganda vumbi na chumvi ya bahari, ikanizimikia katikati ya gemu. Ikigoma kuwaka kabisa chomoa umeme, toa ile betri ya duara kwenye bodi dakika 5, BIOS inarudi kama ilivyokuja. Na UPS, lile boksi la betri la kushika umeme ukikatika, weka yakhe, umeme wetu unaujua.