Kusafisha mabomba ya maji ya kuku: anza na ute, klorini baadaye

Wafugaji wengi hupima maji ya tangini, wakaona ni safi, wakaridhika. Kuku hawanywi tangini. Wanakunywa kwenye chuchu, yaani vali ndogo za bomba zinazotoa maji zikidonolewa, hata ile ya mwisho wa mstari, na huko ndiko pa kuanzia.

Hatua ya 1. Vaa glavu, fungua mwisho wa bomba, pitisha kidole ndani. Likiteleza kama kambale, huo ni ute, yaani utando wa bakteria. E. coli, Salmonella na Pseudomonas hujificha humo, na klorini ya kila siku huwagusa wa juu tu. Vitamini na glukosi tunazowapa vifaranga huwa chakula cha utando huo. Tena kuna joto la kulea, zaidi ya nyuzi 30, na maji yanayotembea polepole kwa sababu vifaranga hunywa kidogo. Ndiyo maana mabomba huharibika wiki ya kwanza, si ya tano.

Hatua ya 2. Subiri banda liwe tupu. Suuza kwa presha kubwa, mstari mmoja mmoja. Ukifungua yote kwa pamoja presha inagawanyika, ute haubanduki.

Hatua ya 3. Jaza mistari dawa ya haidrojeni peroksaidi iliyotengenezwa kwa kazi hii, kwa kipimo cha kwenye lebo. Pitisha ufagio chini ya chuchu zote ili dawa izifikie. Acha saa 24 hadi 72, lakini usizibe matundu ya hewa: dawa hii hutoa gesi, na bomba lililofungwa linaweza kupasuka.

Hatua ya 4. Suuza tena. Usishtuke yakitoka mapande kama kamasi. Endelea mpaka maji yawe maangavu kabisa. Chokaa ikibaki, itoe kwa asidi halafu suuza. Asidi na klorini zisikutane kamwe, hutoa gesi ya sumu.

Hatua ya 5. Kuku wakiingia, weka klorini, uipime mwisho wa mstari: miligramu 2 hadi 5 za klorini huru (ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu) kwa lita, pH (kipimo cha uasidi) kati ya 6 na 7. Kwenye pH 8 sehemu kubwa ya nguvu yake imepotea, hata ukimimina zaidi. Ukikaribia chanjo ya kunywesha, sitisha klorini saa 48 kabla, la sivyo utaiua chanjo yenyewe.

Sampuli ya maabara nayo itoke mwisho wa mstari, kwenye chupa tasa yenye dawa ya kuzima klorini, ikae kwenye barafu na ifike ndani ya saa 24.