Jinsi ya kutafsiri kisichosemwa kati ya Kihispania na Kiingereza, kwa kupitia Kiswahili

Mwaka 1980, huko Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Familia yake ilikuwa ya Wakuba, ikaeleza kwa Kihispania kwamba amekuwa "intoxicado". Mkuba akisema hivyo anamaanisha mtu aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa. Madaktari walisikia "intoxicated", wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya ubongo. Kijana alipooza mikono na miguu, na kesi ikaisha kwa makubaliano ya fidia inayotajwa kuwa takriban dola milioni 71.

Mfasiri wa kazi hii hapa Mwanza hatakutana na mambo mazito hivyo kila siku. Mimi hupokea zaidi barua pepe za biashara ya minofu ya sangara, maelezo ya safari za watalii wanaokwenda Serengeti na Rubondo, na barua za mapadre na masista wanaoongea Kihispania. Lakini chanzo cha hatari ni kilekile: maneno yamevuka, maana iliyokuwa chini yake imebaki ng'ambo.

Ninachotaka kukuonyesha ni njia ninayoitumia mwenyewe. Usiruke moja kwa moja kutoka Kihispania hadi Kiingereza. Pita kwenye Kiswahili kwanza. Mambo mengi ambayo Kihispania huyaweka wazi na Kiingereza huyafunika, Kiswahili nacho huyaweka wazi, na wewe umeyajua tangu utotoni bila kufundishwa na mwalimu yeyote.

Hatua ya 1: Jua nani anamwandikia nani

Kabla ya kugusa sentensi, andika juu ya karatasi: mwandishi anatoka nchi gani, anayeandikiwa ni nani, na anataka nini. Kihispania cha Madrid si cha Meksiko. "Coger" huko Hispania ni kuchukua tu, hata kupanda basi ni "coger el autobús", ilhali Meksiko na Ajentina ni tusi la chumbani. Wahispania huingia kwenye "tú", yaani "wewe" ya kirafiki, haraka hata kwa mteja mpya. Kolombia utakuta ndugu wa damu wanaitana "usted", "wewe" ya heshima. Kwa hiyo "usted" peke yake haikuambii kama kuna baridi kati ya watu au ni desturi ya kwao.

Ujue pia biashara yenyewe. Sangara wetu Wahispania humwita "perca del Nilo", na amewahi kukutwa akiuzwa kwao kwa jina la "mero", samaki wa bahari wa bei kubwa. Barua ikisisitiza jina la kisayansi, Lates niloticus, mara mbili au tatu, usidhani mwandishi anapenda Kilatini. Anajikinga. Tafsiri yako isiondoe msisitizo huo kwa kuona kwamba ni marudio.

Hatua ya 2: Chora safu tatu

Kushoto weka matini chanzi, yaani maandishi unayoyatafsiri, kulia matini lengwa, yaani tafsiri yenyewe, katikati weka Kiswahili. Safu ya katikati si tafsiri. Ni pale unapoandika, kama unamweleza mwenzako pale soko la samaki la Mwaloni, kile ambacho msemaji amekiacha bila kukitamka. Jiulize mambo matatu: jambo limetokea au halijatokea? Lawama imewekwa kwa nani? Msemaji analithibitisha jambo, analitilia shaka, au anapoza tu?

Si kila sentensi inahitaji safu hiyo. Anwani, tarehe na bei zipite zenyewe. Utaizoea hadi jicho lisimame lenyewe panapotakiwa.

Hatua ya 3: Tafuta anayebeba lawama

Mhispania simu ikimtoka mkononi husema "se me cayó el teléfono". Mwingereza husema "I dropped my phone", yaani mimi ndiye mtendaji. Kiswahili? "Simu imeniponyoka." Tazama jinsi Kiswahili kilivyokaa palepale Kihispania kilipokaa: simu ndiyo iliyofanya, mimi nimepatwa. Hali kadhalika "se me rompió el vaso" ni "glasi imenivunjikia", wala si "nimevunja glasi".

Jambo hili limepimwa. Watafiti Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha mwaka 2011 utafiti ambapo wasemaji wa Kiingereza na wa Kihispania walionyeshwa video za matukio ya kukusudia na ya bahati mbaya. Kwenye ya kukusudia, makundi yote mawili yalimkumbuka mtendaji sawasawa. Kwenye ya bahati mbaya, wasemaji wa Kiingereza walimkumbuka mtendaji zaidi kuliko wenzao.

Sasa chukua sentensi ya ofisini: "Se nos retrasó el pago." Ukiandika "We delayed the payment", umemfanya mnunuzi akiri kosa ambalo hakulikiri. Safu ya katikati inasema: "Malipo yametuchelewa." Kwa hiyo kulia andika "The payment was delayed at our end." Kuchelewa kupo, upande wao umetajwa, ungamo halipo. Ukirudi upande wa pili, tahadhari ni ileile. "I dropped the box" usiigeuze kuwa "tiré la caja", kwa maana msomaji wa Kihispania anaweza kuona mtu aliyelitupa boksi kwa makusudi. Andika "se me cayó la caja".

Hatua ya 4: Limetokea, au lilipaswa tu kutokea?

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu hupotea.

Kihispania kina njeo mbili za wakati uliopita ambazo Kiingereza mara nyingi huzimeza kuwa moja. Linganisha "tuvimos que devolver la carga" na "teníamos que devolver la carga". Zote mbili mwanafunzi wangu huandika "we had to return the load". Weka safu ya katikati uone. Ya kwanza: "Ilitubidi tuurudishe mzigo, tukaurudisha." Ya pili: "Tulitakiwa kuurudisha mzigo", na kama ulirudi au haukurudi, sentensi haikuambii. Kwa mwenye kiwanda, moja inasema minofu iko njiani, nyingine inaweza kuwa inasema bado iko kwenye chumba cha baridi cha mtu mwingine huku umeme ukihesabiwa. Ya pili kwa Kiingereza iandike "we were supposed to return the load".

Vitenzi vingine vya namna hii ni vichache, vikariri:

"Sabía" ni nilijua. "Supe" ni nilipata habari, wakati fulani nikaja kujua. "Conocía" nilimfahamu, "conocí" ndiyo mara ya kwanza kuonana. "No quería firmar", hakuwa na nia ya kusaini, ingawa huenda mwishoni alisaini. "No quiso firmar", alikataa. "Podía" alikuwa na uwezo. "No pudo" alijaribu, ikashindikana.

Ukitoka Kiingereza kwenda Kihispania, lazima uchague, na Kiingereza mara nyingi hakikupi msaada. "I knew about the strike": alikuwa akijua, au alipata habari? Usibahatishe. Soma sentensi zilizo kabla na baada, au muulize mteja.

Kuna kipimo kizuri ambacho asili yake ni kazi ya mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, aliyefundisha juu ya maana zinazodokezwa katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967. Alionyesha kwamba kinachodokezwa tu kinaweza kufutwa bila msemaji kujipinga, ila kilichomo ndani ya maneno yenyewe hakifutiki. Mimi nakiita jaribio la "lakini". Ongeza "lakini" mwishoni uone kama sentensi inasimama. "Teníamos que devolver la carga, pero no la devolvimos" inasimama vizuri. "Tuvimos que devolver la carga, pero no la devolvimos" inagongana, masikio ya Mhispania yatakataa. Basi kurudi kwa mzigo kumo ndani ya "tuvimos que", na Kiingereza chako kisipokuwa nako umeiba sehemu ya habari.

Jaribu pia kwa Kiingereza: "Some of the cartons were wet." Msomaji anaelewa si zote. Lakini unaweza kuongeza "in fact, all of them were" na hakuna aliyejipinga. Kwa hiyo "si zote" ni dokezo tu, na tafsiri yako iandike "algunas cajas", isiandike "solo algunas". Hilo "solo" lingekuwa ahadi ambayo mwandishi hakuitoa.

Hatua ya 5: "Lakini" au "bali"?

Kiingereza kina "but" moja. Kihispania kina "pero" na "sino". Wenzetu Waingereza huteseka hapa. Wewe hauna sababu. "Sino" ni "bali", "pero" ni "lakini". Samaki huyu si mbichi bali ni wa kugandishwa: "no es fresco sino congelado". Samaki huyu si mbichi lakini ni mzuri: "no es fresco, pero es bueno". Kama ungesema "bali" kwa Kiswahili, andika "sino". Kabla ya kitenzi chenye nafsi na njeo huwa "sino que".

"Aunque" nayo inafunguka hivyohivyo. "Aunque sube el precio" ni "ingawa bei inapanda", "even though the price is going up". "Aunque suba el precio" ni "hata bei ikipanda", "even if the price goes up". Lakini sikiliza: "Aunque sea mi hermano, no le presto dinero." Hapa udugu hauna shaka, msemaji anakataa tu kuupa uzito. Kiswahili kinaufuata bila taabu: "Hata kama ni kaka yangu, simkopeshi." Kwa Kiingereza ningeandika "He may be my brother, but I'm not lending him money."

Hatua ya 6: Pima joto la adabu

Mtu akija ofisini Mwanza akasema "nilikuwa naomba kuuliza", hakuna anayedhani ombi lilikwisha jana. Wakati uliopita umekuja kupunguza makali. Kihispania hufanya hivyo kwa "quería preguntarle", Kiingereza kwa "I was wondering". Zibadilishane hizo tatu bila woga.

Penye kutofautiana ni hapa: "¿Me mandas la factura?" kwa Mhispania ni ombi la kawaida la kirafiki. Ukilihamisha lilivyo, Kiingereza kitasikika kama amri. Andika "Could you send me the invoice?" Nako kurudi, ule msururu wa adabu wa Mwingereza, "I was just wondering if you might possibly", ukiuhamisha wote, Mhispania ataanza kujiuliza kuna tatizo gani.

Vipunguzo, yaani viambishi vya kudogosha neno kama "-ita", ni jambo la kufurahisha. Mmeksiko akiandika "tenemos un problemita con el contenedor", hajapima ukubwa wa tatizo. Ni kama mtu wa huku anaposema "kuna kashida kidogo", na wewe unavuta kiti ukae. "A bit of a problem" inabeba sauti hiyo. "A tiny problem" inadanganya. "Ahorita" ya Meksiko nayo yaweza kuwa sasa hivi, baadaye, au isiwe kabisa, hivyo penye tarehe ya usafirishaji omba siku kamili.

Angalia na "quite". "Quite good" ya Mwingereza mara nyingi ni "si mbaya", kwa hiyo "no está mal". Ya Mmarekani huelekea "nzuri hasa", yaani "muy bueno". Hatua ya kwanza ndiyo itakayokuokoa hapa.

Hatua ya 7: Amua utakachofichua

Ukishajua kilichofichwa, una njia tatu: kukiacha kimefichwa vilevile, kukiweka wazi, au kuuliza. Ushauri wangu ni kuacha kimefichwa kila lugha lengwa inapokuruhusu, kwa sababu aliyekificha alikuwa na sababu. Kiweke wazi pale ambapo msomaji atapotea bila hicho, au usalama wa mtu unahusika, kama ile "intoxicado". Mkataba ni kesi ya pekee: utata uliomo kwenye mkataba usiusafishe kwa akili yako. Uliza kwa maandishi.

Hatua ya 8: Mpe mtu asiyeona matini chanzi

Usimuulize kama ameelewa. Atakujibu ndiyo kwa heshima. Muulize: mzigo uko wapi sasa? Nani kakosea? Ungekuwa wewe umepokea barua hii, ungefanya nini? Majibu yake yalinganishe na safu ya katikati. Yakipishana, rudi kwenye sentensi hiyo peke yake.

Mwisho, pale ulipochagua maana moja kati ya mbili, mweleze mteja kwa sentensi fupi: mstari fulani una maana mbili, nimechukua hii kwa sababu hii. Maelezo hayo yakae kwenye barua pepe inayoambatana na kazi, si ndani ya tafsiri, maana tafsiri itasomwa na mtu wa tatu ambaye hajui kwamba uliwahi kuwa na swali.